Koo ni mlango kabla ya kuwa zeze

Usiku wa Mkesha wa Pasaka, masomo ya Agano la Kale yakishakwisha, Gloria ikaimbwa na kengele zikalia, waraka ukasomwa, hufika ile Aleluya ambayo hatujaitamka tangu Jumatano ya Majivu. Huimbwa mara tatu, kila mara juu zaidi ya iliyotangulia. Mwaka ule niliianzisha mimi. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilitoka na mkwaruzo, kama mtu anayekokota kiti sakafuni. Kwa ya tatu nilivuta pumzi mpaka mabega yakanipanda masikioni, nikakaza tumbo kwa nguvu zangu zote, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa upepo.

Wenzangu wa sauti ya kwanza waliidaka haraka na ibada ikaendelea. Waumini wengi walidhani nimeshikwa na machozi. Mimi nilijua si machozi. Shingo iliniuma pande zote mbili, na nikimeza mate nilihisi kama kuna punje ya mchele imekwama. Nilikuwa nimeimba katika kwaya ile miaka 15. Parokia yetu iko kilimani hapa Kigoma, na siku isiyo na ukungu, ukitoka mlango mkubwa unaliona Ziwa Tanganyika mpaka milima ya Kongo ng'ambo. Nimeimba pale nikiwa msichana, nikiwa bibi harusi, nikiwa na mtoto mgongoni. Haikuwahi kunijia akilini kwamba sauti ni kitu kinachoweza kuisha.

Asubuhi ya Pasaka sikuweza hata kumwambia mume wangu heri ya sikukuu.

Lazima niseme nilikuwa nafanya nini na mwili wangu siku hizo. Asubuhi nafundisha baolojia sekondari, darasa moja wanafunzi 80 na zaidi, madirisha wazi, barabara iko karibu, na mwalimu asiyepaza sauti hasikiki zaidi ya dawati la tatu. Jioni mazoezi ya kwaya. Kwaresima mazoezi huwa kila siku. Na kila mwalimu wa kwaya niliyepitia mikononi mwake, wote watu wema waliojitolea bila malipo, aliniambia neno lile lile: imba kwa tumbo. Nikalitii. Nilielewa kwamba tumbo ni mahali pa nguvu, kwa hiyo nikitaka noti ya juu nikaze tumbo, nisukume. Noti ikigoma, nisukume zaidi.

Nilisubiri wiki tatu nikinywa tangawizi na asali. Sauti ilirudi nusu, nzito, yenye nyufa. Mwishowe nikapata rufaa kwenda nje ya mkoa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alipitisha puani mrija mwembamba wenye kamera, akageuza kioo ili nami nione.

Nilitarajia kuona nyuzi, kwa sababu tunaziita nyuzi za sauti. Nilidhani ni kama za gitaa. Nikaona mikunjo miwili myeupe, yenye majimaji, imekaa kama herufi V juu ya bomba la hewa. Nilipovuta pumzi ilifunguka. Aliponiambia niseme "iii" ikakutana na kuanza kutetemeka. Na karibu na theluthi ya mbele ya kila mkunjo palikuwa na uvimbe mdogo, mmoja huku na mmoja huku, vimetazamana. Vilipokutana vyenyewe, mikunjo ilibaki na mwanya mbele na nyuma. Upepo wangu wa Aleluya ulipitia hapo.

"Mwalimu, hivi ni vinundu," akasema. "Umewahi kuona sugu kwenye kiganja cha mtu wa jembe? Ni hiyo hiyo. Sehemu moja inagongana kila siku, mwili unaiwekea gamba."

Akanieleza hesabu ambayo sijaisahau. Ukiimba La ya katikati, ile ambayo vinanda hupimwa kwayo, mikunjo ile hufunguka na kufunga mara 440 kwa sekunde moja. Noti niliyokuwa naitafuta Pasaka ilikuwa juu ya hapo, zaidi ya mara 600 kwa sekunde. Kwa mwanamke mikunjo yenyewe ina urefu wa milimita 12 hadi 17 hivi, haizidi sana ukucha wa kidole gumba. Nilikaa pale kitini nikihesabu: saa tatu za mazoezi, siku arobaini za Kwaresima, na vipindi sita kwa siku mbele ya watoto 80. Nilitaka kuviomba radhi vipande vile vya nyama.

Hakuna kisu, alisema daktari. Vinundu vya namna ile kwa kawaida hupungua mtu akibadili namna anavyotumia sauti. Wiki mbili nisiseme kabisa. Na nisinong'one, maana mtu anayelazimisha kunong'ona hukaza koo pengine kuliko anayesema taratibu. Baada ya hapo nianze upya kama mtoto.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba mtu aliyeonyesha ulimwengu nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya koo la mtu mzima aliye hai alikuwa mwalimu wa kuimba. Ni Manuel García, Mhispania, ambaye mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya mdomo wake mwenyewe, akaelekezea mwanga wa jua kwa kioo cha mkononi, akaona. Mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa London mbele ya wanasayansi. Alizaliwa 1805 akafa 1906, akiishi miaka 101. Nampenda sana mtu huyo. Alikuwa amefundisha waimbaji miaka mingi, na bado akataka kujua kinachotokea humo ndani ni nini hasa.

Wiki zangu mbili za kimya nilizipitisha Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kwa baba mdogo, kwa sababu nyumbani watoto wangenisemesha tu. Baba mdogo ni mvuvi tangu enzi za karabai na makasia. Siku hizi mitumbwi yake ina injini na taa za sola, lakini mikono ni ile ile. Nilipofika nikampigia magoti kidogo badala ya kusema shikamoo, akaelewa.

"Marahaba, mwanangu. Usijibu. Mimi nitasema, wewe utatikisa kichwa."

Kila alfajiri nilikaa mwaloni kuangalia mitumbwi ikirudi. Akina mama wanapokea dagaa, wengine wanaelekea kuanika. Na kwa kuwa sikuwa na la kusema, nilisikia vitu ambavyo mtu anayezungumza havisikii. Nilisikia mguno. Kijana anainama, anashika mtungi wa mafuta au kreti, anavuta pumzi, halafu kabla mzigo haujaachana na mchanga panakuwa na kimya kifupi. Pumzi imefungwa. Kisha mzigo ukikaa begani, inatoka: "hmmph!" Niliangalia kumi, niliangalia ishirini. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua huku anaongea.

Baba mdogo aliniona nimekodoa macho. Akaniambia kitu ambacho nadhani hakujua uzito wake. Zamani walipokuwa wakivuta nyavu kwa mikono, alisema, kiongozi aliimba wakati wenzake wanatafuta pa kushika. Wavu ukianza kupanda, wote kimya. Wimbo ulirudi wavu ukiegemea ukingo wa mtumbwi. "Huwezi kuvuta na kuimba kwa pumzi moja. Ukiimba, mkono unalegea. Ukivuta, koo linajifunga."

Koo linajifunga. Mimi, mwalimu wa baolojia, nilikuwa nimekaa juu ya kitako cha mtumbwi nikisikia somo langu mwenyewe. Kazi ya kwanza ya koromeo si sauti. Ni mlango wa mapafu. Likifungwa, tonge na maji haviingii kwenye hewa. Na likifungwa hewa ikiwa ndani, kifua kinakuwa kigumu kama mpira uliojazwa, mikono ikapata pa kujiegemeza kunyanyua mzigo. Wanyama wengi wanao mlango huo. Sisi tumejifunza kuuimbisha, lakini haujaacha kazi yake ya asili. Ukikaza tumbo kwa nguvu, mwili haujui kwamba uko kanisani. Unadhani umeshika gunia. Unafunga mlango.

Ndivyo nilivyoimba miaka 15: nasukuma kwa chini, koo linafunga kwa juu, nasukuma zaidi ili lifunguke, nalo linafunga zaidi. Na nyuzi mbili za urefu wa ukucha ziko katikati ya ugomvi huo.

Niliporudi kazini, sauti ikiwa ndogo na kibali cha kutumia ubao zaidi ya mdomo, mada ya Kidato cha Pili ilikuwa upumuaji. Kila mwaka tunatengeneza kifua cha bandia. Chupa kubwa ya maji ya plastiki inakatwa kitako. Mrija unapitishwa kwenye kizibo, ndani umegawanyika mara mbili, kila tawi limefungwa puto dogo: hayo ndiyo mapafu. Kitako kinavikwa puto kubwa lililokatwa, likavutwa kama ngozi ya ngoma: hicho ndicho kiwambo, msuli mpana uliojikunja kama bakuli lililopinduliwa, unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta ngozi ile chini, maputo ya ndani yanajaa. Hakuna aliyeyapuliza. Nafasi imeongezeka, hewa ikaja yenyewe.

Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Madamu, kwa hiyo mapafu hayavuti hewa?"

Hayavuti. Hayana msuli wa kuvutia. Na hewa haiingii tumboni, tumbo linasogea tu kwa sababu kiwambo kimeshuka na utumbo umetafuta pa kwenda. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kila mwaka kwa ajili ya mtihani. Siku ile nilijibu huku nimeshika mbavu zangu mwenyewe. Pale kwenye chupa kiwambo kinafanya kazi wakati wa kuingiza. Wakati wa kutoa, kinachofanyika ni kukiachia polepole. Basi nilikuwa nikisukuma nini?

Kuna jambo jingine chupa ile haionyeshi, nalo ndilo lililonisumbua zaidi nilipoanza kuimba tena. Mapafu hayaishi hewa kamwe. Hata ukitoa yote unayoweza, zaidi ya lita moja inabaki. Ukiwa umekaa tu unapumua kama nusu lita kwa mkupuo. Mimi kila kituo cha wimbo nilikuwa naongeza hewa juu ya hewa ya zamani ambayo sikuitumia, mpaka kifua kinajaa hadi shingoni. Nilihisi naishiwa pumzi, kumbe nimezidiwa nayo. Mwanakwaya anayehema katikati ya ubeti mara nyingi hana upungufu wa hewa. Hajatoa ile iliyochoka. Tangu nilipolijua hilo, kabla ya kuanza wimbo natoa kwanza. Natoa mpaka mwili wenyewe unataka, halafu naacha mdomo wazi. Hewa inaingia bila kelele. Ukisikia "hhhh" ya kuvuta pumzi, ujue mlango umeshaanza kubana.

Mwaka uliofuata nilipata ujauzito wa mtoto wangu wa tatu, na nilikuwa karibu kuacha kwaya. Majilio yalinikuta mwezi wa nane. Kiwambo hakina pa kushuka, mtoto amekaa hapo. Hata mahali pake pa kawaida kinakuwa kimesogezwa juu sentimita kadhaa. Hakuna tumbo la kukaza. Nikasimama safu ya nyuma nikisema nitaimba kidogo kidogo, nisaidie tu wingi.

Lakini mwili wa mjamzito una busara yake. Kifua kinapanuka pembeni, mbavu zinafunguka kuliko siku zote. Kati ya jozi 12 za mbavu, zile mbili za chini kabisa hazijaungana na chochote kwa mbele, zinaelea, na nilizihisi zikisogea kila nikipumua, hasa upande wa mgongo, pale kanga inapofungwa. Sikuwa na njia nyingine ya kuingiza hewa ila hiyo. Na kwa kuwa tumbo halikukazika, nilibaki na kazi moja tu wakati wa kuimba: kuzizuia mbavu zisianguke haraka. Kuziacha zirudi taratibu, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani kwa kamba asiyotaka imkimbie mkononi. Waitaliano, ambao wamefikiri juu ya jambo hili karne nyingi, huliita kuegemea. Nyimbo za Krismasi mwaka ule niliziimba kwa urahisi ambao sikuwahi kuupata nikiwa mwembamba.

Mtoto alikuja Januari. Katika saa ile ya mwisho nilipiga kelele, kwa sababu maumivu hayana adabu. Mkunga, mama mtu mzima, akanishika goti akasema, "Mama, usitoe sauti. Sauti inakuibia nguvu. Funga mdomo, sukuma."

Nilimtii, na nikiwa katikati ya jambo kubwa kuliko yote mwilini mwangu, nikaelewa kwa mara ya mwisho. Mkunga alikuwa anajua kinyume cha kile nilichokuwa nakitafuta. Ukitaka kusukuma, zuia sauti. Kwa hiyo ukitaka sauti, acha kusukuma. Ni mlango mmoja, na mambo haya mawili hayapiti kwa pamoja.

Sasa ni miaka tisa tangu hapo, na nimekuwa nikiwasaidia wanakwaya wetu kwa upande wa sauti. Noti na kinanda nawaachia wenye nazo. Sijawahi tena kumwambia mtu aimbe kwa tumbo. Nawalaza kwanza. Alhamisi tunatandika mikeka ukumbini, kila mmoja anaweka kitabu cha nyimbo juu ya kitovu, na hakuna anayeruhusiwa kufanya chochote. Kitabu kinapanda, kinashuka. Mtu akilala chali hawezi kupandisha mabega kwa urahisi, na akitulia mwili unamwonyesha namna alivyopumua tangu alipozaliwa. Kisha tunasimama na kutafuta kitu kile kile wima. Wanaume wa besi walikataa kulala mkekani mwezi mzima. Mzee mmoja alipokubali alisinzia, tukamwacha, akaamka na sauti nzuri kuliko wote.

Kwa kusimama, walimu wangu ni akina mama wa mwaloni. Mwangalie mwanamke mwenye beseni la dagaa kichwani akipanda mlima wa Kibirizi. Shingo imenyooka nyuma, kidevu hakijainuka wala hakijainama, kidari kiko wazi bila kutunishwa, magoti yamelegea. Kidevu kikiinuka, kama wafanyavyo wengi kwenye noti ya juu, koromeo linavutwa juu pamoja nacho, na nafasi ya koo inapungua. Naweka kitabu kichwani mwa msichana wa soprano na kumwambia aimbe noti ya juu bila kukiangusha. Wengi wanashangaa kwamba noti haiko juu kama walivyodhani.

Tunafanya pia "sss" ndefu, kwa saa ya ukutani. Kijana wa sauti ya tatu aliyeanza na sekunde 12 amefika 30. Mapafu yake hayajaongezeka hata kidogo. Amejifunza kutoyamwaga. Na pale ambapo mtunzi ameandika msitari ambao hakuna pafu la binadamu linaloufikisha mwisho, tunaibiana pumzi: jirani yako akipumua wewe unashika, ukipumua wewe anashika yeye, na hakuna anayepumua kwenye mkato. Msikilizaji anasikia kwaya isiyokata.

Lugha yetu nayo ina lake. Kiswahili kimetupa irabu tano safi, na karibu kila neno linaishia mdomo ukiwa wazi, zawadi kubwa kwa mwimbaji. Lakini kina "m" inayosimama peke yake kama silabi. Tazama neno Mtakatifu, tunaloliimba kila Jumapili. Ile "M" mara nyingi ina noti yake, midomo imefungwa, na sauti yote inapita puani kwa sababu kaakaa laini, ile nyama iliyo nyuma ya paa la mdomo ambapo kilimi kinaning'inia, imeshuka. Kisha ghafla "ta": kaakaa linatakiwa kupanda, mdomo ufunguke, pua ifungwe kwa nyuma. Kwaya nyingi hubaki puani kwa neno zima. Bana pua yako uimbe "aaa". Sauti ikibadilika, hewa inavujia puani. Bana tena uimbe "mmm", itakatika kabisa. Nawafundisha wapige mwayo mdogo kati ya "M" na "ta", bila kuonekana. Hilo peke yake lilitupa kwaya mpya.

Na kwa kuwa nimetaja kilimi: wako wazazi wanaowapeleka watoto wakakatwe kilimi kwa sababu ya kikohozi. Tunao watu wazima kwaya waliokatwa utotoni, na wanaimba. Lakini nimeona mtoto akirudishwa amelowa damu. Kikohozi kina sababu zake, na kilimi hakina hatia. Mpelekeni mtoto hospitali.

Kuhusu tangawizi, limao, asali na yai bichi, sisemi visinywewe. Asali hulainisha mdomo na koo la juu, mtu anatulia, na kutulia ni nusu ya kuimba. Ila vyote hupita kwenye umio kwenda tumboni. Nyuzi za sauti ziko mlango wa pili, na tone moja likizigusa utakohoa mpaka machozi yakutoke. Maji huzifikia kwa kuzunguka, kupitia damu, kwa hiyo glasi unayokunywa dakika moja kabla ya misa haijafika popote. Kunywa tangu asubuhi. Mvuke ndio unaofika moja kwa moja, na Agosti, vumbi linapokuwa jekundu hewani na mapori yanachomwa, najifukiza jioni kwa maji yaliyoacha kuchemka, mbali na watoto.

Wavulana wanaobalehe, ambao sauti zao zinavunjika, nawaonea huruma zaidi. Koromeo linakua upesi, nyuzi zinarefuka, na kijana aliyekuwa anaimba na mama zake anajikuta ameshuka karibu oktavu nzima, huku sauti ikiruka bila kuagizwa. Zamani walichekwa wakaacha. Mimi nawaambia wabaki, waimbe noti chache zilizo rahisi kwao wiki hiyo, na wasilazimishe kurudi walikotoka. Mmoja wao sasa ndiye besi tunayoitegemea.

Vinundu vyangu vilipungua. Miaka miwili baadaye daktari aliangalia tena akakuta alama ndogo tu. Sauti haikurudi ile ya zamani, ilishuka kidogo, ikapata unene chini. Nimehamia sauti ya pili, na nimeipenda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mtu wa sauti ya pili anasikiliza kushoto na kulia muda wote.

Pasaka iliyopita Aleluya ilianzishwa na msichana wa Kidato cha Nne. Tuliianza ya kwanza chini zaidi ya desturi, ili ya tatu isifike mahali pa kupigania. Kabla ya hiyo ya tatu nilimtazama kwa nyuma. Alitoa pumzi yote, akasubiri. Mbavu zake zikafunguka zenyewe upande wa mgongo, joho la kwaya likatanuka, mabega hayakusogea. Nikarudisha macho kwenye karatasi yangu, maana sauti ya pili tulikuwa tunaingia baada yake.